Mchoro wa Tatu

Hapa Rwamgasa wapo watu wanaoijua dhahabu, na wapo wengi zaidi wanaojua kudanganya kuhusu dhahabu. Alikuwepo pia mtu mmoja aliyeujua mkono wa bahari ulioko Grinlandi, huko juu dunia inakoishia kwenye barafu, na aliujua vizuri kuliko mimi ninavyojua mitaa ya Geita mjini. Bahari yenyewe hakuwahi kuiona. Ziwa alilivuka kwa kivuko mara moja tu katika maisha yake, akarudi kwa njia ya kuzunguka, siku mbili barabarani, kwa sababu alisema hawezi kukaa juu ya kitu ambacho hajui chini yake kimeshikiliwa na nini. Tulimwita Fundi Matimba, na jina lake la kitambulisho silitaji hapa, maana hata mwenyewe ukimwita nalo alikuwa anachelewa kuitika.

Kwa asiyetoka huku, duara ni shimo la mchimbaji, linaloshuka kufuata mwamba wenye dhahabu, na matimba ni magogo yanayopangwa pembeni ili ukuta usimwangukie mtu. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Yeye hakuchimba. Alikuwa anatangulia mbele ya wachimbaji kupanga magogo, na siku mambo yakiharibika alikuwa anatangulia tena kwenda kuwatafuta.

Mimi, Mama Neema, nina kibanda cha stesheneri pale sokoni. Natoa fotokopi, nalaminisha vyeti, naandika barua za wasiojua kuandika na za wanaojua lakini wana hasira. Alikuja mara ya kwanza kutaka kitambulisho chake kilaminishwe, na kabla hata hajasalimia aligonga mwimo wa mlango wangu kwa kifundo cha kidole, mara tatu, akasikiliza. Akaniambia mwimo huo mchwa wameshaumaliza ndani. Nikamwambia baba, shikamoo kwanza. Akaitikia marahaba, akaondoka, kesho yake akarudi na ubao mpya na misumari, hakuniuliza kama nina haja. Hivyo ndivyo tulivyofahamiana, na tukafahamiana miaka kumi na miwili.

Kugonga ilikuwa tabia yake kila mahali. Aligonga viti kabla ya kukaa, aligonga benchi la kanisani, na kuna siku mchungaji alisimama mimbarani akashindwa kuanza mahubiri kwa sababu Fundi Matimba alikuwa nyuma kabisa anagonga nguzo, uso umekunjamana, anatikisa kichwa. Watu walicheka. Wiki mbili baadaye nguzo ile ilibadilishwa, na hakuna aliyemwambia asante. Alikuwa mtu wa kuudhi, niseme ukweli. Ukimweleza shida yako alikuwa anakukata katikati. "Nipe urefu," alikuwa anasema. "Pole utapewa na wengine." Alimaanisha umwambie shimo lina kina gani, umetoka kwako saa ngapi, mgonjwa hajala siku ngapi. Vipimo ndivyo alivyovisikia. Machozi yalikuwa yanamfanya aangalie pembeni.

Lakini mtu huyohuyo, duara likianguka na maiti ikatolewa, aliwafukuza vijana wote, akachemsha maji, akamwosha marehemu kwa mikono yake mwenyewe kabla ndugu hawajamwona. Alimtoa udongo masikioni, puani, chini ya kucha. Alifanya hivyo kwa Waislamu na Wakristo na wale wa mizimu, kisha ndipo wenyewe wakaja kumwosha kwa taratibu zao. Nilimwuliza siku moja kwa nini anajipa kazi mara mbili. Akasema mama wa mtu hatakiwi kuona udongo.

Sasa niwaeleze jinsi alivyokuwa akitafuta watu, maana bila hilo hamtanielewa kosa langu.

Duara likianguka, kila mtu hutaka kuchimba palepale anapodhani ndugu yake yupo. Yeye alikuwa anawazuia. Aliwachukua watu watatu waliokuwa chini hivi karibuni, akawatenganisha, kila mmoja akapewa kipande cha ubao na mkaa. Chora ulivyoacha. Njia inapinda wapi, maji yako wapi, nani alikuwa upande gani. Halafu aliziweka mbao tatu chini pamoja. Zikikubaliana, walichimba hapo, au kama zilionyesha hakuna nafasi ya mtu kupona, alitamka mwenyewe kwamba basi, tuwape taarifa wenye mtu. Mbao mbili zikikubali na moja ikakataa, hakutamka lolote. Waliendelea kuchimba na familia iliendelea kungoja. Hata wiki. Hakujali mtu anamtukana vipi.

Alikuwa na sababu. Zamani, kabla sijafika huku, duara lilianguka na akawa na michoro miwili tu. Siku ya nne akasema imetosha. Familia ikaweka msiba, mke akanyolewa, watu wakala wakalia. Siku ya sita yule mtu akatokea nyumbani kwake kwa miguu, mweupe kwa vumbi. Maduara huko chini hutoboana, na yeye alikuwa ametambaa hadi akatokea kwenye shimo la zamani la jirani. Akakuta watu wanakula msiba wake. Baba yake mzazi alikataa kumpa mkono. Ilibidi achinjwe kondoo, yafanyike ya kufanyika, na hata baada ya hapo watoto wake walikuwa wanamkimbia. Mwisho alihama, hajulikani aliko. "Yule nilimuua mimi," Fundi Matimba aliniambia. "Alitoka shimoni mzima, nikamuua kwa mdomo." Aliniambia hivyo mara moja tu, huku anachagua kalamu kwenye kikopo changu.

Mtoto wake wa pekee aliitwa Luhende. Alisoma sekondari Shinyanga mjini, akaenda chuo, akarudi akafanya kazi mgodi mkubwa upande wa Kahama, kazi ya kupanga kwenye makasha mawe yanayotolewa na mashine za kutoboa mwamba, na kuyasoma. Baba yake alikuwa akimtania kwamba anasoma mawe kwa sababu hana nguvu ya kuyavunja. Huyo kijana alikuwa mpole, mwenye aibu, anakuja kibandani kwangu kunisalimia kila likizo, ananiletea karanga. Wazungu fulani waliokuwa wakitafuta madini Grinlandi wakamchukua. Angekaa kiangazi chao tu, miezi minne. Mama yake, ambaye sisi wote tunamwita Mama Luhende, alimfungia mizigo.

Mwezi wake wa pili huko simu ikapigwa kwangu, kwa sababu namba yangu ndiyo Luhende aliyoiandika kwenye fomu. Walikuwa watatu kwenye boti, wanavuka mkono wa bahari kurudi kambini. Mlima wa barafu uliokuwa unaelea karibu yao ulipinduka, ukanyanyua maji, boti ikageuka. Mmoja aliokolewa hai. Mmoja alitolewa amekufa. Luhende hakuonekana. Walimtafuta, kisha wakaacha, kisha ikaja karatasi ya kuomba baba akubali kwamba mwanawe amefariki. Alitakiwa kuweka saini au dole gumba. Aliitazama karatasi ile, akaniuliza aweke dole gumba juu ya nini, kwani amemwona nani.

Akaniambia nimtolee ramani.

Nilidhani ni siku moja. Ilikuwa miaka miwili. Kila nikipata umeme na bando, alikuwa amekaa kwenye kigoda changu anataka kujua zaidi. Nilimsomea yote niliyoyapata, neno kwa neno, nikigeuza Kiswahili kadiri nilivyoweza. Alielewa haraka kuliko mimi ninayesoma. Maji yale yameingia katikati ya milima kwa sababu zamani barafu ilipita pale ikachimba. "Kumbe ni duara," alisema, "ila limechimbwa na barafu, halafu likafurika." Kuta zake zimesimama wima, mtu hana pa kushika. Kina chake ni zaidi ya mara kumi ya shimo refu kuliko yote aliyowahi kupanga magogo. Mwishoni kabisa, upande wa bara, ipo barafu nene inayosogea polepole na kumegekea majini kwa kishindo. Majira ya joto jua halizami, na majira ya baridi wiki nyingi halichomozi. Upepo unaweza kushuka kutoka juu ya barafu ghafla, bila wingu, ukapindua kila kitu. Miti ipo, lakini inatambaa chini, haifiki magotini.

Jambo lililomshika zaidi ni kizingiti. Pale mkono ule unapokutana na bahari kubwa, chini ya maji kuna tuta la mawe yaliyosukumwa na barafu ya zamani, kwa hiyo mlangoni kina ni kifupi na ndani ni kirefu. Nilipomaliza kumsomea hilo alisimama. Akaniuliza mara tatu kama nina uhakika. Maana yake, alisema, kilichozama ndani hakitoki. Hajapelekwa na bahari. Yumo. Alisema "yumo" kwa furaha, jamani, na mimi nikaenda nyuma ya kibanda kujifanya natafuta karatasi.

Alimweleza kila mtu. Wauza mihogo sokoni walijua kwamba maji ya juu kule ni matamu, ya barafu iliyoyeyuka, na ya chini ni ya chumvi. Waendesha bodaboda walijua habari za kizingiti. Vijana wa maduara walimkejeli wakimwita Mzee wa Barafu, kisha akishuka nao chini walinyamaza, kwa sababu uhai wao ulikuwa mikononi mwake. Mtu pekee ambaye hakumwambia hata neno moja ni mke wake.

Alitaka michoro mitatu. Mwamba ni mwamba, alisema, hata ukijaa maji. Bosi wao alituma ramani yenye alama mahali boti ilipopinduka. Mpishi wa kambi, Mfilipino mmoja mwema sana ambaye Luhende alikuwa rafiki yake, nilimwandikia kwa WhatsApp, akachora kwa kalamu nyuma ya katoni akapiga picha. Wa tatu ni yule aliyeokolewa. Yeye hakuchora. Aliandika barua ndefu kwa Kiingereza, na Kiingereza cha Rwamgasa nzima, kwa siku ile, nilikuwa mimi.

Kwenye ramani kulikuwa na mraba mdogo ufukweni. Aliniuliza ni nini. Nikamsomea kwamba ni kibanda cha wawindaji, hakifungwi, ndani kuna jiko na kiberiti na chakula cha mkebe, kwa ajili ya mtu yeyote aliyekwama. Akaweka kidole juu ya mraba ule. Halafu akaniuliza, huyu aliyeandika barua anasema boti ilipinduka upande gani.

Barua nilikuwa nimeshaisoma. Ilisema upande wa pili, chini kabisa ya ile barafu inayomegeka. Nikautazama uso wake. Alikuwa hajalala siku nyingi, ndevu zimeota ovyo, na lile kola la shati lililokuwa linambana sasa lilikuwa linamwachia. Mimi na huruma zangu za kijinga. Nikamwambia barua inasema ni upande wa kibanda, karibu tu.

Nilifikiri nampa usingizi wa usiku mmoja. Nilikuwa nimesahau namna anavyofanya kazi. Bosi alisema kule, mpishi alisema kule, barua ikasema huku. Mbili zimekubali na moja imekataa. Hakutamka.

Kwa hiyo hakukuwa na msiba. Kina mama wa kanisa walikuja na sufuria zao na kanga zao, akawasimamisha njiani akawauliza nani kawaambia kuna aliyekufa. Walirudi. Ndugu kutoka upande wa Kahama walikuja, akawapa chai akawasindikiza. Mama Luhende aliendelea na kazi zake. Alipika, alilima, aliuza nyanya zake, na kila mtu aliyekutana naye alishindwa aseme pole au asiseme. Alianza kukwepa njia kuu. Wanawake wengine, na hili linaniuma, walianza kusema huenda kijana yupo huko ameoa Mzungu na wazazi wanaficha. Miaka miwili mama anabeba mtoto aliyekufa na hana ruhusa ya kumweka chini.

Akaja kibandani mwezi wa tano, saa za mchana, sokoni kumetulia. Alikuwa amekonda mpaka pete imefungwa uzi isidondoke. Hakutaka kukaa.

"Mayu," aliniambia, yaani mama kwa Kisukuma, "mimi sijasoma. Mume wangu haniambii kitu. Wewe karatasi zote zimepita kwako. Mwanangu amekufa, au hajafa?"

Nilianza kukata kwa mkasi karatasi ambayo haikuhitaji kukatwa. Aliningoja kidogo, kisha akainamisha kichwa, akaniaga vizuri tu, akaenda. Nilifunga kibanda mchana ule ule, nikaenda kumtafuta mumewe.

Nilimkuta kwenye uwanja wa magogo, anachonga. Nikapiga goti nikasema shikamoo. Akaitika bila kuacha kuchonga.

"Baba, ile barua ya aliyeokolewa. Sikuisoma ilivyoandikwa."

"Uliisoma vibaya, au ulisoma uongo?"

"Uongo."

Akaweka shoka chini. "Isome sasa."

Nilikuwa nayo mfukoni. Nikaisoma yote. Upande wa pili. Chini ya barafu. Upana wa maji kutoka hapo mpaka kwenye kibanda. Mwenzake aliandika kwamba Luhende alimwita mara mbili, na kwamba yeye mwenyewe mikono yake ilikufa kabla hajaweza kumfikia. Mara ya tatu hakusikia sauti.

Fundi Matimba alisikiliza akiwa ametazama lile gogo. Nilitegemea anitukane, na ningefurahi. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Wale wawili walisema kule. Nikasema hawa labda wanakosea, Mama Neema ndiye anayejua kusoma." Kisha akasema, "Ningetamka mwaka juzi. Mke wangu angelia mwaka juzi."

Hakuna aliyewahi kuniambia neno zito kuliko hilo, na hakulisema kwa ubaya. Alikuwa anapima tu.

Akaniambia twende. Njia nzima hakugonga chochote. Mama Luhende alikuwa sebuleni anapepeta mchele. Alipotuona tumeingia pamoja aliacha, ungo mapajani. Mumewe akachukua ramani kutoka juu ya kabati, ile niliyoibandika karatasi nne zikawa moja, akaitandika sakafuni mbele yake, akapiga magoti. Sijawahi kumwona mwanamume wa umri ule amempigia mke wake magoti. Akaweka kidole.

"Luhende yupo hapa," alisema.

Akamweleza. Kuta, barafu, kizingiti, kwamba hajachukuliwa na bahari kubwa, yumo humo humo na atakuwa humo. Alieleza polepole, kwa Kisukuma na Kiswahili vikichanganyika, na mama alifuata kidole chake bila kupepesa. Alipomaliza, mama akauliza kama kuna watu karibu. Akamjibu kipo kijiji, mwendo wa siku nzima kwa boti. Akauliza kama kuna mawe yaliyomlalia. Akamjibu hakuna, chini kule ni matope, matope laini sana, yanayoletwa na barafu.

"Laini?"

"Laini."

Akakaa anaitazama ramani. Kisha akauliza, "Na kuna baridi?"

Joto la maji yale alilijua kwa kila mwezi. Nilikuwa nimemwandikia mwenyewe kwenye daftari, na alikuwa anaweza kulitamka akiwa usingizini. Alijua dakika ngapi vidole huchukua kufa. Alinitazama mara moja, nami nikatazama chini.

"Kidogo," alisema. "Kama Mbeya mwezi wa saba."

Mama Luhende akatikisa kichwa kukubali. "Alikuwa na sweta," alisema. "La bluu. Nilimfungia mwenyewe."

"Alikuwa amelivaa," alisema Fundi Matimba.

Mama akaweka ungo pembeni, taratibu, mchele usimwagike. Akainuka, akatoka nje uani, akaweka mikono yote miwili kichwani, akalia. Jirani aliyekuwa anatwanga aliacha mchi ndani ya kinu, akaja mbio, na nyuma yake wakaanza kuja wengine.